Ugeni wa Watu wa Kasulu na Kiburi cha Pwani

Pana itikadi iliyojenga katika vichwa vya wapenzi wa fasihi wa pwani, nayo haikuandikwa popote kwa sababu hapana aliyeona haja ya kuiandika: kwamba ughaibuni ni milki ya watu wa bahari. Mwenye haki ya kufika mji wa kigeni, akapotea njia, akaingiwa na hofu, kisha hofu hiyo ikageuzwa tungo, ni mtu wa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa. Mtu wa nyanda za juu za Kigoma akifika mji huo huo kwa hofu hiyo hiyo, yake huitwa ushamba.

Orodha inayotajwa barazani ni ya kujivunia kweli kweli. Bibi Salme binti Said aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866, na mwaka uliofuata alikuwa Hamburg, bintimfalme asiyejua lugha ya jirani yake. Amur bin Nasur alikuwa Berlin tangu mwaka 1891 akisomesha Kiswahili, na habari zake, alizoziandika kwa Kiswahili, zikachapwa na Büttner mwaka 1894. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na Velten akaitia safari yake kitabuni mwaka 1901. Karne moja baadaye Abdulrazak Gurnah, katika By the Sea (2001), alimshusha mzee wa Kizanzibari katika uwanja wa Gatwick, na kikasha chake cha udi kikachukuliwa na ofisa wa uhamiaji. Tangu Gurnah apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kikasha hicho kimekuwa kama amana ya visiwa. Hata asiyekisoma kitabu hukililia.

Basi kuna mzigo mwingine unaostahili kutajwa pamoja na kikasha hicho. Ni mfuko wa plastiki wenye herufi za IOM, ambamo mkimbizi anayepelekwa Marekani huwekewa karatasi zake zote pamoja na picha ya eksirei ya kifua chake. Huambiwa asiuache mkononi, nao huwa mkononi au kifuani tangu Kigoma hadi mlango wa uwanja wa ndege wa mwisho, na kila amwonaye humjua ni nani. Mifuko hiyo imebebwa na maelfu ya watu wanaosema Kiswahili. Ni taabu kuonana na beti moja juu yake katika majarida ya pwani, ilhali beti za minazi, majahazi na mwanga wa mbalamwezi haziishi kuletwa kwa wahariri.

Wabebaji wake ni watu wa Kibondo na Kasulu, ingawa wengi wao hawakuzaliwa huko na serikali haikuwahesabu kuwa wa huko. Warundi walimiminika Kibondo baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, wakajaza Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu ikapata Mtabila, na mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira. Kambi nyingine zimefungwa na kufunguliwa na kufungwa tena: Mtabila ilifungwa mwisho wa mwaka 2012, Nduta na Mtendeli zilifunguliwa upya baada ya machafuko ya Burundi ya 2015, na Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Kati ya Warundi hao wamo waliokimbia mara ya kwanza mwaka 1972, wakahama nchi moja hadi nyingine kabla ya kufika kambini. Mwaka 2006 Marekani ilikubali kuwapokea, na tangu 2007 wakaanza kupelekwa. Mwaka 2015 ukafunguliwa mpango mkubwa wa Wakongo wa Nyarugusu. Ndivyo Kiswahili kilivyoingia Boise, Louisville, Dallas, Des Moines na miji mingine ambayo haina bandari wala historia yoyote na Bahari ya Hindi.

Sasa na lisemwe jambo ambalo wanaocheka ushamba wao hawalijui, au wanalijua na kulinyamazia. Kuanzia mwaka 2003 wakimbizi wa kambi hizo walikatazwa kutoka nje ya kilomita 4 bila ya kibali. Kilomita 4! Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu angeweza kufika umri wa kuoa bila ya kuuona mji wa Kasulu, achilia mbali Kigoma, seuze Dar es Salaam. Mtu huyo huandaliwa kwa siku chache darasani, akafundishwa habari za ndege, choo cha maji, ajira, sheria na fedha. Kisha hushushwa katika jiji la mamia ya maelfu ya watu, akaambiwa kwamba yu huru kwenda atakako. Jiji lake la kwanza duniani ni jiji la kigeni. Bibi Salme aliujua mji kabla ya Hamburg. Amur bin Nasur aliujua mji kabla ya Berlin. Huyu hakuujua mji wowote, kwa amri ya sheria. Akisimama njia panda akatetemeka, ni nani mwenye uso wa kumcheka?

Siku hizo za kwanza zina ratiba. Shirika linalompokea limefungwa na mkataba wa serikali: awe amekodiwa nyumba, akute chakula cha moto cha mapishi anayoyajua, atazamwe nyumbani siku inayofuata. Ni mambo mema, na mwenye insafu hatayakana. Lakini baada ya chakula hicho mlango hufungwa, na hapo ndipo inapoanza habari ambayo mkataba hauna kifungu chake. Mafuta yakishika moto kidogo tu, king'ora cha moshi kinalia juu ya dari kwa sauti ambayo mtu aliyekimbia usiku hawezi kuisikia kwa utulivu. Mlango ukijifunga nyuma yake na ufunguo umo ndani, hajui amwite nani. Akipanda basi hajui kwamba asipovuta kamba ya kengele dereva atampitisha kituo, na akipitishwa mara moja atakuwa mahali ambapo kila nyumba ni sawasawa na ile aliyoiacha. Kambini nyumba ya mtu hupatikana kwa kuuliza: zoni fulani, kijiji fulani, pale kwa mama fulani mwenye kuuza ndagala. Katika jiji jipya nyumba ni tarakimu, na njia nyingine hazina mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. Wa kuulizwa yumo ndani ya gari, vioo juu.

Wajuzi wa mambo ya nafsi huko Marekani wameliona hilo, nao huwapa wageni karatasi ya maswali kumi na tano, pamoja na picha ya kipimajoto cha kuonyesha dhiki imefika digrii ngapi kati ya sifuri na kumi. Swali moja huuliza kama mtu anasumbuliwa na fikra nyingi. Hilo ni swali la maana, kwani mtu wa Kasulu, Mkongo wa Fizi na mtu wa Unguja wote husema vivyo hivyo: fulani ana mawazo. Tatizo huja katika jawabu. Mkalimani wa haraka, aghalabu akiwa upande wa pili wa simu, hukimbilia neno moja la kubebea yote: wasiwasi. Mgonjwa ana wasiwasi. Digrii sita.

Hapa pwani ina deni, tena kubwa. Kiswahili si maskini wa jambo hili hata chembe. Wasiwasi wenyewe, kila mtoto wa chuoni aliusoma katika sura ya mwisho ya Kurani, ni mnong'ono: kitu kinachosema kifuani bila ya msemaji kuonekana. Ni neno lifaalo kwa usiku wa kwanza katika fleti, wakati mtu anasikia hatua juu ya dari na hajui kama ni mwizi au mpangaji wa ghorofa ya pili. Lakini anayengoja barua ya serikali, hakai wala halali, akitoka dirishani akaenda mlangoni, huyo ana wahka. Aliyesikia king'ora akakimbia na mtoto mgongoni bila ya kujua aendako ameshikwa na kiwewe. Aliyezungukwa na ishara, mataa na sauti, asijue aanze na lipi, amepatwa na fadhaa. Aliyesimama mbele ya lifti mdomo wazi amepigwa na bumbuwazi, na kwake yaweza kuisha kwa dakika moja. Aliyeletewa habari kwa simu kuwa mama yake, aliyeachwa Nyarugusu, amezikwa juzi, ana kihoro, na kumhesabia kihoro kuwa wasiwasi ni kumkosea adabu yeye na marehemu. Na yule ambaye hana jambo lolote la kutaja, ila moyo unampiga tangu alfajiri kila anapofikiri kutoka nje, huyo ana jakamoyo.

Maneno haya yamehifadhiwa na nani? Na washairi. Yamo katika tenzi na mashairi, yamo katika vifua vya wazee wa Lamu na Pemba, hutolewa harusini na katika mashindano ya malenga, yakashangiliwa, yakarudishwa sandukuni. Mhakiki wa pwani hujivunia kuwa kijana wa bara hayajui. Kwani alimfunza lini? Mwenye kisima katika nchi ya kiu, akakaa ukingoni kuwacheka wasio na ndoo, hastahili kuitwa mlinzi wa maji. Na kiu yenyewe si ya mapambo. Baina ya jakamoyo na kihoro mna tofauti ya mtu anayehitaji kushikwa mkono na kutembezwa hadi kituo cha basi, na mtu anayehitaji kufanyiwa matanga. Mkalimani aliyekosa maneno mawili hayo humpeleka kila mmoja kwenye dawa moja.

Hujibiwa, na jibu hili hutolewa kwa upole kama kwamba ni hoja ya lugha tu, kuwa watu hao Kiswahili chao kimevunjika. Mkongo wa Nyarugusu husema sombe pale Mtanzania anaposema kisamvu. Hutupa ngeli huku na huku. Na Mrundi huchanganya l na r. Ni kweli. Ila anayesema hayo na aulize Kiswahili hicho kilifikaje ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kilitoka huku huku. Kilipanda kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara, kikavuka maji hadi Manyema na Tippu Tip na wenziwe, pamoja na pembe za ndovu na watu waliotiwa minyororo. Kule kiliitwa Kingwana, kwa ajili ya waliokileta, waliojiita waungwana. Pwani imelibakiza kwake jina la ungwana, ikawakana wajukuu wa lugha yake kwa kuwa wanavaa ngeli upande. Ukiongeza hesabu ya minyororo, ukanaji huo una haya zaidi kuliko unavyodhaniwa barazani.

Tena ugomvi huu si mpya. Waliokuwa na hakika kuwa ushairi hauwezi kutoka bara walipata jibu katika Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, aliyeipa lugha ngonjera. Alipohesabu mizani zikatimia, wakamkubali. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila ya vina, akaambiwa si mshairi. Leo yumo katika mitaala, na waliomkataa hawatajwi ila katika tanbihi. Yamkini safari hii pia watakaosema “si ushairi” watangojea miaka thelathini.

Kwa sababu ushairi upo. Upo katika kwaya. Yeyote aliyepita Kasulu anajua kwamba Nyarugusu huimba, na kwamba kila kundi lililopelekwa ng'ambo lilifika na waimbaji wake; nyumba haijapata pazia, wameshaanza mazoezi. Katika majiji ambayo mtu hajui kuuliza njia, kwaya ndiyo inayompa siku ya wiki yenye jina, gari la kumchukua, watu watakaomwuliza kwa nini hakuja. Maneno yake ni ya safari, ya kuvuka, ya mji usiojulikana. Mpenzi wa ushairi wa pwani huyasikia akasema: hizo ni nyimbo za kanisani. Naam, ni za kanisani. Na utenzi ulilelewa wapi? Maulidi husomwa wapi? Haijapata kusemwa hapa visiwani kwamba kasida si ushairi eti kwa sababu ina dini ndani yake. Sharti lisilowekewa msikiti lisiwekewe kwaya.

Pengine kinachowaudhi wakosoaji ni hofu yenyewe. Fasihi ya ugeni wa pwani hupenda huzuni iliyotulia, mtu akitazama theluji na kukumbuka karafuu. Hofu haina uzuri huo. Inatoa jasho, inasahau ufunguo, inakojoza watoto usiku. Tena hofu ya siku za kwanza ina akili kuliko inavyopewa sifa, kwani inafanya hesabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marekani ilitia methali hiyo katika kanuni, ila ikaongeza siku. Msaada wa mapokezi ulipangwa kwa siku 30 hadi 90. Fungu la kila kichwa lilikuwa dola 900, likaongezwa kuwa 1,800 mwaka 2010, na si zote zilizomfikia mgeni mkononi. Nauli ya ndege nayo ilikuwa mkopo, na malipo yake yalianza miezi michache baada ya kufika. Baba mwenye watoto sita anayelala macho usiku wa nne hasumbuliwi na mizimu ya lifti. Amekwisha kugawa tarakimu hizo kwa kodi ya nyumba, ameona zinapoishia, na jembe lenyewe hajalijua lilipo. Kumwambia mtu huyo atulie, kila kitu kitakuwa sawa, ni kumtaka awe mjinga.

Kuna na jambo jengine, zito zaidi, ambalo wenyewe hulisema kwa namna zao na ambalo ndilo hasa linalostahili mshairi. Watu hawa si mara yao ya kwanza kufika mahali pageni wakitetemeka. Waliposhuka Kibondo mwaka 1993, udongo mwekundu na miyombo na baridi ya usiku, walikuwa wageni pia, na hali yao ilikuwa mbaya zaidi kwa kila kipimo: pasipo paa, pasipo maji, na waliokufa wakiwa nyuma yao njiani. Lakini waliogopa pamoja. Mtoto wa huyu alilia, wa yule akaitikia. Kiha cha wenyeji kilikuwa jirani mno na Kirundi chao hata neno la kwanza likasikika. Kifo cha wengi harusi, na hofu ya wengi nayo ina ngoma yake. Katika jiji la ng'ambo paa lipo, maji ya moto yapo, na hofu imegawanywa fleti kwa fleti, kila familia ikiwa na yake nyuma ya mlango wake, wala ukuta hausikizi. Ukiuliza kwa nini mtu aliyevumilia Kibondo anavunjika Dallas, anza hapo kabla ya kwenda kwenye digrii za karatasi.

Habari hii ni ya nani kuiandika, na kwa lugha gani? Bibi Salme aliiandika Hamburg yake kwa Kijerumani, na Gurnah ameiandika Uingereza kwa Kiingereza. Visiwa vilingoja hadi mwaka 2022 kumsoma Gurnah kwa Kiswahili, pale Ida Hadjivayanis alipoifasiri Paradise ikawa Peponi. Watoto wa Nyarugusu walioingizwa shule za Louisville na Boise wataandika kwa Kiingereza nao, na wataandika vizuri. Wasomi wa Kiswahili watakaa wafasiri, wachelewe vile vile. Waliofika wakiwa watu wazima, wenye habari yenyewe kwa Kiswahili, hawangoji. Wanazeeka wakifanya kazi za usiku. Na nyuma yao mlango umefungwa: tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani aliusitisha mpango wa kupokea wakimbizi kwa amri moja, na watu waliokwisha kupimwa vifua na kupangiwa ndege wakabaki Kasulu na Kibondo. Hofu ya mji ambao mtu aliagana na majirani kwa ajili yake, akagawa sufuria zake, kisha asiende, haina jina bado katika lugha hii. Washairi wanaojisifu kwa kuunda maneno wana kazi ya kufanya.

Wahariri wa majarida ya visiwani nao wana yao, na si ngumu. Wakiletewa wimbo wa kwaya ya Nyarugusu, wauchape ukurasa mmoja na kasida. Majaji wa mashindano ya tungo waache kukata alama kwa sababu ya ngeli za Fizi, kama wasivyokata kwa sababu ya Kiamu au Kimvita. Wenye kamusi za mababu wakae na wakalimani wa miji hiyo, hata kwa simu, wawape wahka, kihoro na jakamoyo, nao wapewe kinachosemwa Baraka na Uvira pahala pa maneno hayo. Na siku mmoja wa wabeba mifuko ya plastiki atakapoleta shairi lake la wiki ya kwanza, lenye basi, king'ora na sombe ndani yake, mhariri asilifute neno sombe akaweka kisamvu.